Mzee wa Kusamehewa Kodi

Serikali haina haraka ya kurudisha pesa ikishazitia mfukoni, na Reuben wa Rukanga alikuwa na haraka sana. Hapo ndipo matata yote yalipoanzia.

Mke wake alikuwa amefariki zamani, watoto wamekua wakatawanyika, na sasa alitaka kumwoa Mable, mjane aliyeishi ng'ambo ya kijito. Mable mwenyewe alishakubali. Waliobaki kuridhishwa ni kaka zake, hasa Noah, yule mkubwa. Mahari ilikuwa imelipwa yote isipokuwa ng'ombe mmoja, mtamba ambaye hajazaa. Lakini Noah na nduguze walikuwa wamepata shamba lenye maji kule Mata, karibu na mpaka, na walikuwa wanahama.

"Krismasi ikipita bila mtamba, dada yetu tunakwenda naye," Noah alimwambia. "Hatuwezi kumwacha hapa peke yake kama mtu asiye na kwao."

Reuben aliuza mahindi, akauza na mzinga wa nyuki, akahesabu tena. Zilipungua shilingi arobaini, na arobaini hizo alijua zilipo. Zilikuwa serikalini.

Miaka miwili nyuma chifu aliwaita wazee ili wasamehewe kodi ya kichwa. Reuben alikataa katakata kwenda. Alisema ile ni baraza ya vikongwe, na yeye bado ana jembe lake. Wenzake wa rika moja wakasamehewa, naye akalipa mwaka ule na mwaka uliofuata, tena kwa maringo, akimwonyesha stakabadhi kila aliyepita njiani. Hakuna aliyemwomba aionyeshe. Sasa maringo yale yalimtokea puani, ikabidi aende kwa chifu kwa upole, akamwomba aandike barua Voi kwamba mzee huyu alistahili kusamehewa tangu hapo, basi arudishiwe chake.

Barua ilipokwenda, Reuben akaanza kuifuata. Alipanda juu ya lori la mkonge, akashuka Voi amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, akapanga foleni kwenye dirisha la karani mmoja Mbukusu aitwaye Nyongesa, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri.

"Mzee, faili yako iko njiani," Nyongesa alisema.

"Inatoka wapi?"

"Wundanyi."

Reuben akarudi nyumbani. Mwezi uliofuata alipanda lori tena, na faili bado ilikuwa njiani.

"Kijana wangu," Reuben alisema, "kutoka Wundanyi hata mbuzi mgonjwa angekuwa ameshafika."

Watu kwenye foleni walicheka, na Nyongesa naye akacheka, lakini faili haikuja kwa kicheko. Mvua za vuli zilianza. Noah akaanza kufunga mizigo yake. Reuben hakulala vizuri, na kwa vile hakupenda kuonekana na wasiwasi, kila asubuhi alikwenda kwa Mable kumfanyia kazi. Alimkatia miti mlimani, akamchimbia mfereji, akaanza kumwezekea upya paa lililokuwa likivuja. Noah alipopita alimtazama kwa kuridhika. Alikuwa amesema wazi tangu mwanzo kwamba hampi dada yake mtu wa kulishwa uji.

Safari ya tatu faili ilikuwepo mezani. Nyongesa aliifungua, akakuna kichwa.

"Wanauliza ulizaliwa lini."

"Watu wa Kasigau walipohamishwa kupelekwa Malindi, ile vita ya kwanza ya Mjerumani, mimi nilikuwa na ndevu."

Nyongesa aliandika. "Basi umri unatosha. Lakini umri peke yake hautoshi, mzee. Wanataka chifu aulize mbele ya baraza kama kweli hujiwezi kwa kazi. Watu wakikubali, pesa zinatoka mwezi huu huu. Wakikataa, faili inafungwa."

Reuben alishika ukingo wa dirisha. Njia nzima ya kurudi, akirushwarushwa juu ya lori, alilipindua jambo lile huku na huku na kila upande aliona maumivu. Akisema hajiwezi, atapata mtamba na Noah atamnyima dada yake. Akisema anajiweza, Noah atafurahi lakini mtamba hatakuwepo. Kwa vyovyote Mable angekwenda Mata. Alimwomba chifu wayamalize wawili faraghani, chifu akasema barua imetaja baraza, na barua ni barua. Reuben hakumwambia Mable neno. Aliona haya.

Siku ya baraza watu walijaa uwanjani mbele ya shule. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, na Noah alikuwa mstari wa kwanza amekunja mikono. Chifu alimaliza habari za chanjo ya ng'ombe, akafungua barua, akaisoma yote kwa sauti, hata sehemu ambazo Reuben angependa azimeze.

"Haya, Mzee Reuben," chifu alisema. "Unajiweza, au hujiwezi?"

Reuben alisimama. Alimtazama Noah, akawaza zile shilingi arobaini. Kisha hata pesa akazisahau. Alishindwa tu kulitamka neno lile Mable akiwa anasikia.

"Najiweza," alisema.

"Chifu, huyo anadanganya."

Watu waligeuka. Mable alikuwa amesimama katikati ya wanawake, kanga imefungwa kiunoni.

"Mama, una hakika na unachosema?" chifu aliuliza.

"Nani anamjua kuliko mimi? Paa langu la kazi ya siku mbili linakwenda wiki ya tatu. Akishuka ngazi anashika kiuno, anafikiri simwoni. Mimi humwita aje anywe chai ili apumzike, naye anafikiri naijali chai."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Reuben aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya atake kulia. Siku zote hizo alizokuwa akijificha, kumbe ameonekana, na bado chai ilikuwa ikipikwa.

Noah hakucheka. Alisimama. "Mable, kwa hivyo wewe unataka kuolewa na mtu asiyejiweza?"

"Mwenye nguvu nilishaolewa naye, kaka. Nilimzika." Hakupandisha sauti. "Huyu nimemkubali jinsi alivyo. Paa nitamalizia mimi, na Lois binti yangu atanisaidia."

Noah aliketi, akakunjua mikono. Chifu aliwauliza watu kama wanakubaliana na maneno ya mama huyu, wakaitikia kwa pamoja, na karani wake akaandika.

Nyongesa alilipa kama alivyosema, Reuben akatia kidole gumba kwenye wino. Mtamba alimnunua kwa Musyimi, mfugaji wa upande wa Maungu, mwekundu mwenye doa jeupe tumboni, na wiki moja kabla ya Krismasi alimswaga kwenda kwa Noah. Mable alifuata nyuma na fimbo. Njia ile ina mlima mkali mahali fulani, na watu walikuwa wengi, wanatoka sokoni.

Katikati ya mlima Reuben alisimama. Aliivua kofia, akaketi juu ya jiwe mbele ya watu wote.

"Nimechoka," alisema.

Mable alimpa kibuyu cha maji, akaketi kando yake.