Baada ya Kofi la Uwanjani

Eucabeth alipompiga Rebeccah kofi mbele ya timu nzima, mchezo ulisimama kwenye uwanja wa kanisa pale Kapkatet. Mpira wa voliboli ulibingiria hadi kwenye michai na hakuna aliyeufuata.

Rebeccah alikuwa amesema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kama mchezo umewashinda, rudini kwenu ziwani." Eucabeth alikuwa na miaka kumi na minane, na yote alikuwa ameiishi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Ziwa, walikotoka wazazi wake, alilijua kwa kwenda mazishi tu. Kabla hajafikiri, mkono ulikuwa umeshaenda.

Kocha Edinah, mama mfugaji aliyeanzisha timu hiyo ili vijana wasikae bure baada ya shule, hakupuliza hata filimbi. Aliwaambia tu waende nyumbani.

Kesho yake akaja kwa kina Eucabeth na chupa ya maziwa. Eucabeth alijibanza nyuma ya pazia. Alijua amekuja kumfukuza kwenye timu. Lakini Edinah alikunywa chai na mamake, Aoko, wakaongea juu ya mashine za kuchuma chai zilizowaacha majirani bila kazi, na mguu wa Aoko unaosumbua wakati wa baridi. Kuhusu kofi, hata neno moja. Alipoinuka, aliliambia pazia:

"Eucabeth, Jumamosi kuja mapema. Wale watoto wadogo wanataka mtu wa kuwafundisha kuanzisha mpira."

Eucabeth alimfuata nje mbio. "Kocha, na ile maneno ya Rebeccah?"

"Hiyo ni yenu."

"Sasa nimefukuzwa ama sijafukuzwa?"

"Si nimesema Jumamosi?"

Akaenda zake. Eucabeth alirudi ndani akamuuliza mamake kama kocha alikuwa amekasirika kwa sababu ya kofi.

"Kofi gani?" Aoko akashtuka.

Hapo akachanganyikiwa kabisa. Angechapwa, angeelewa. Angefukuzwa, angelia yaishe. Lakini kupewa kazi? Alishinda wiki nzima akiigeuzageuza hiyo Jumamosi kichwani, na kila akiigeuza aliona mtego.

Ijumaa miguu ilimpeleka kwa kina Rebeccah. Alimkuta anachuma chai kwenye shamba la babake.

"Umekuja kuniongeza lingine?" Rebeccah aliuliza bila kuacha kuchuma.

"Hapana. Nilikosea kukupiga." Akasogea karibu. "Lakini ulichosema kiliniuma. Mimi sina kwetu kwingine. Ni hapa tu."

Rebeccah alichuma, akachuma. Mwishowe akasema, "Kocha alikuja kwenu?"

"Alikuja. Hakusema kitu."

"Hata hapa alikuja. Akaongea na baba mambo ya ng'ombe, akaenda." Kwa mara ya kwanza alimtazama. "Kwani anataka nini?"

"Hata mimi sijui."

Kisha Rebeccah akainamia majani tena. "Nilisema vibaya," alinong'ona, kama anayeyaambia majani. "Shika kikapu huko."

Walichuma mpaka mvua ikawafukuza. Hawakuwa marafiki walipoagana, wala Eucabeth hakujua waite nini kile walichokuwa.

Jumamosi watoto walimzunguka, kila mmoja anataka mpira. Rebeccah alichelewa, akasimama ng'ambo ya wavu, akawa anairudisha mipira inayomfikia. Edinah alikuwa akikaza kamba ya wavu, na Eucabeth akashindwa kuvumilia.

"Kocha, kwa nini hukunifukuza?"

Edinah alifikiri kidogo. "Nilikuwa nimeshakuzoea."

"Ni hiyo tu?"

"Ulitaka ingine?"

Eucabeth alisimama pale asijue kama amejibiwa. Nyuma yake mtoto mmoja alipiga mpira ukanasa wavuni. "Kocha! Kocha, ona!"

Edinah hakugeuka. Aliendelea na kamba yake. Mtoto akaita tena, na Eucabeth alikawia kuelewa kwamba anayeitwa ni yeye.