Ukingo wa Kushoto

Saa nne asubuhi Mkasi alikuwa ameshazunguka maduka mawili, na fremu yake bado ilikuwa wazi pembeni, ikimkwaruza vidole kila alipoihamisha mkono.

Jina hilo alilipata katika kiwanda cha nguo, alikokata vitambaa miaka ishirini na miwili. Pale kosa kubwa halikuwa kujikata. Lilikuwa kubakiza. Msimamizi alikusanya mabaki ya kila meza, akayapima kwenye mizani mbele ya watu, na aliyezidisha akapandishwa juu ya kiti kama mtoto mtukutu. Kiwanda kilishafungwa, mizani ikauzwa, lakini mkono wa Mkasi haukupata habari. Jana alipokata vipande viwili vya akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, alivikata sawasawa na picha, bila kuacha nafasi hata ya ukucha. Akaibana picha katikati, akajisifu. Ndipo akili ikamrudia: ukanda wowote wa kushika kingo lazima uingie ndani kidogo, juu ya picha. Na pembeni kabisa, kushoto, amesimama dada yake.

Ilikuwa picha ya siku ya mgomo, watu thelathini na mmoja mbele ya lango. Dada, mpiga pasi, ndiye aliyelifunga lango lile kwa mnyororo. Chama cha wafanyakazi kilipochapa kijitabu cha mgomo, walimkata ili ukurasa utoshe. Likabaki bega, halina mwenyewe. Miaka kumi na tisa imepita na bega lile bado linamkaa Mkasi kooni. Leo saa nane picha inatundikwa ukumbini mwa chama, na Dada anakuja kuiona. Nakala nyingine haipo.

Fundi wa madirisha alichomeka kipande cha alumini kwenye ukingo, akarudi nyuma kutazama.

"Safi kabisa, mzee. Hii itakuzika."

"Umemfunika."

"Nani?"

"Toa chuma chako utamwona."

Fundi akakitoa, akainama. "Aa, huyu mama! Mzee wangu, si nimechukua jicho moja tu? La pili nimemwachia."

Mkasi aliinyakua fremu akatoka bila kuaga, asije akamtolea mwenzake matusi ya nguoni.

Duka la vifaa vya shule lilikuwa na vibanio vyembamba vya kushikia karatasi. Vilimpendeza, lakini akriliki mbili zilivishinda unene, vikawa vinachomoka kimoja baada ya kingine. Akajaribu kukigandisha kimoja kwa gundi ya kukauka upesi. Mtu mwingine angeijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Mkasi hakuwa na kilichobaki. Gundi ikatoa mvuke, na ukungu mweupe ukatanda juu ya viatu vya watu watatu pichani, haufutiki. Alitukana hadi muuzaji akafunga droo yake.

Gereji akapewa mpira wa mlango wa gari. Ulibana kama meno, ila ulikuwa mpana kuliko hata alumini. Akauchukua hivyo hivyo, jua lilikuwa halimsubiri.

Ukumbini katibu wa chama alikuwa juu ya ngazi, nyundo mkononi.

"Vesha huo mpira tumalize, bwana. Watu wanatazama katikati. Nani anatazama pembeni?"

"Ndivyo mlivyosema mlipochapa kijitabu."

"Wewe nawe! Mambo ya zamani hayo."

"Zamani kwako. Wewe ulikuwa katikati."

Katibu akageukia msumari wake. Mkasi akavesha mpira juu, chini na kulia, kisha akaketi kwenye vidato vya mlangoni na msasa na kopo la maji. Alisugua ule ukingo wa kushoto kwa msasa wa kukwaruza, akaja na laini, akamalizia kwa kitambaa na dawa ya meno. Jasho lilimdondoka puani. Kila mara alipitisha kidole, akaguna, akaanza tena.

Kivuli kikamwangukia. Dada, ameshika mkoba kifuani, anapumua kwa nguvu.

"Wenzangu wote wamevaa, mimi umeniacha uchi?"

"Ukivaa, huonekani. Shika hapo. Inakata?"

Dada akapitisha kidole gumba, polepole, kutoka juu mpaka chini. Akajitazama muda mrefu. Kisha macho yake yakatembea safu nzima hadi upande wa pili, yakagota kwenye mpira.

"Na wewe uko wapi?"

"Nipo hapo ndani. Mimi najijua."

"Unajijua! Na wajukuu zangu nitawaambia babu yenu ni huu mpira?" Akaukamata kwa kucha, akauvuta, ukatoka wote upande ule wa kulia. Mkasi kijana akatokea, mdomo wazi, ngumi juu. Dada akakunja gauni, akaketi kando yake. "Lete msasa. Ule wa kukwaruza kwanza."

"Jamani, watu wameshakaa!" katibu aliita kutoka ndani.

"Si wamekaa?" Dada akajibu bila kuinua kichwa. "Hawajalala."