Taa Tatu za Kijani

Wateja walimwita Fundi Kesho, kwa jibu lake la kila siku, naye alicheka nao. Kazi yenyewe aliijua, hilo hata wabaya wake wasingebisha. Baiskeli ya umeme iliyokufa kabisa, akiishika yeye, inaamka. Shida yake ilikuwa moja tu: alikula ng'ombe mzima, mkia ukamshinda. Kila mkia aliuandika kwenye kipande cha karatasi yenye gundi na kukibandika ukingoni mwa rafu, juu ya meza ya kazi, ati asisahau. Akishabandika, basi, ndiyo amesahau.

Siku hiyo vilikuwepo vipande kumi na kimoja. Cha nne kutoka kushoto kilisema: *Dada, eksileta na geji.*

Dada yake aliingia saa sita mchana akiikokota baiskeli. Alikuwa mkunga wa kituo cha afya, mwanamke ambaye kicheko chake kilitangulia kufika kabla yake. Leo hakikufika. Alivaa gauni la nyumbani, si sare. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaketi kwenye stuli, chini kabisa ya rafu ile.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Niangalizie hii. Mwenzangu ataanza kuitumia kesho kutwa, isije ikamtenda kama ilivyonitenda mimi."

"Mwenzako? Na wewe?"

"Nimesimamishwa. Saa tisa natakiwa nikatie sahihi maelezo yangu kwamba nilitoka bila kuchaji. Nikishatia, kazi kwisha. Miaka kumi na tisa, mdogo wangu."

Fundi aliinamia baiskeli. Habari ya mama mmoja aliyefariki kwa uzazi kule juu kwenye machimbo ya mawe aliisikia tangu Jumanne, na tangu Jumanne alikuwa akijiambia kwamba baiskeli haikuhusika. Kujidanganya nako kunataka bidii, na yeye kwa hilo hakuwa mvivu.

Hapa inabidi turudi nyuma wiki tano. Dada alilalamika kwamba baiskeli inachoka milimani. Ilikuwa na betri ya volti thelathini na sita. Fundi akamtolea hiyo, akamfungia ya volti arobaini na nane, na kontrola mpya, kile kisanduku cha kuongoza umeme, ya kuistahimili. Kazi safi! Dada alipanda mlima wa machimbo akiimba. Lakini eksileta, ule mpini wa mkono wa kulia unaozungushwa ili kuongeza mwendo, ilibaki ya zamani, na juu yake kulikuwa na geji ya betri: taa tatu ndogo. Tatu zikiwaka, imejaa. Mbili, nusu. Moja, rudi nyumbani.

Geji ile ilitengenezwa kwa betri ndogo. Na betri kubwa, hata ikibaki na pumzi ya mwisho, bado ina volti ambazo geji ile huzihesabu kuwa imejaa pomoni. Kwa hiyo taa zingewaka tatu asubuhi, tatu mchana, tatu mpaka sekunde ile betri inapojizima. Fundi alilijua hilo siku ileile. Alikuwa hana eksileta ya saizi mpya. Akaagiza, akabandika kipande chake, na dada alipouliza kama kuna lolote la kuangalia, yeye, kwa sifa zake, akajibu: "Ukiona taa tatu, dada, wewe nenda hata mwisho wa dunia."

Eksileta mpya ilifika baada ya siku kumi. Ilikuwa kwenye droo, ndani ya mfuko wake, haijafunguliwa. Kazi ya nusu saa, jamani. Nusu saa!

"Siku hiyo ilikuwaje?" aliuliza, huku akifungua droo ili asimtazame.

"Waliniita saa nane mchana, mama anavuja damu. Nikatazama taa, nikaona tatu. Nikaondoka. Chini ya mlima ikazima. Nilisukuma, mdogo wangu. Nilisukuma ile baiskeli na begi la dawa mgongoni, nikaona inanichelewesha, nikaitupa mtaroni nikakimbia. Nilipofika mtoto alikuwa analia. Mama yake alishanyamaza."

Alijifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayejipangusa vumbi.

"Mganga mfawidhi akaniuliza nilichaji lini. Nikasema Jumamosi. Akasema, leo Jumanne. Nikasema taa zilikuwa tatu. Akasema taa haziwezi kudanganya, anayeweza kudanganya ni mtu. Nami nimewaza usiku na mchana, nikaona labda ni kweli. Labda ilikuwa moja. Nilikuwa nimekesha na wazazi wawili. Macho ya mtu aliyechoka huona anachokitaka."

Hapo ndipo Fundi alipotakiwa kusema. Badala yake alichukua spana ndogo, akalegeza eksileta ya zamani, akachomoa mpira wa mkononi, akazifuata nyaya mpaka kwenye kontrola. Tatu za mwendo, moja ya geji. Alizikata zote nne taratibu, akazimenya, akaziunga kwenye eksileta mpya, akaifunga na kuibana. Mikono ilifanya kazi yake vizuri. Kichwani alikuwa anapanga uongo: atasema kulikuwa na soketi imelegea. Soketi haina mwenyewe. Dada angeipeleka hiyo soketi kituoni, pengine wangemrudisha kazini, na jina la fundi lingebaki safi. Nani angeumia?

Aliwasha. Geji mpya ilitoa taa moja, nyekundu. Betri ilikuwa haijaguswa tangu siku ile.

Alipoinua macho, dada alikuwa amegeuka kwenye stuli. Alikuwa anasoma rafu. Alisoma kama anavyosoma kadi za wajawazito, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne akakaa.

"Hiki ni changu?" aliuliza.

Mficha uchi hazai, na fundi uchi wake ulikuwa umebandikwa ukutani. Alichukua eksileta ya zamani, akaunganisha waya wake wa geji kwenye betri ileile, ubavuni mwa mpya. Taa zikawaka. Tatu. Za kijani, nzuri, zimetulia. Ubavuni mwake ile moja nyekundu.

"Betri ni moja, dada," alisema. "Hii ya zamani haijawahi kusema kweli tangu nikubadilishie. Hukukosea kuona. Mimi nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoifunga."

"Na hii mpya?"

"Ilikuwa kwenye droo. Karibu wiki nne."

Alitegemea kelele, au kofi. Dada yake alikuwa na mkono mwepesi tangu utotoni. Lakini hakusogea. Alizitazama taa zile mpaka fundi mwenyewe akazichomoa, hakuweza kuzivumilia.

"Jana nilikwenda kwa yule baba wa mtoto," dada alisema. "Nilipiga magoti mlangoni kwake. Nikamwambia, mkeo amekufa kwa uzembe wangu. Alikuwa amembeba mtoto begani. Akaniinua kwa mkono mmoja. Akasema, nimekusamehe, mama, hata wewe ni binadamu." Alimgeukia mdogo wake. "Unaelewa? Kile ndicho kitu cha mwisho alichokuwa nacho yule mtu, akanipa mimi. Na kosa la kusamehewa sikuwa nalo."

"Dada, nisamehe."

"Mimi sina cha kukupa. Mwenye nacho yuko kule juu machimboni." Alisimama, akabandua kipande cha nne, akakigandisha kifuani kwenye shati la mdogo wake, akakikandamiza kwa kidole gumba. "Kituoni watasubiri. Kwanza kwake. Twende."

Fundi alizitazama zana zake, akatazama baiskeli nyingine mbili zilizolala matumbo wazi, akautazama mlima kupitia mlangoni, mweupe kwa vumbi la machimbo. Neno lilimpanda lenyewe mpaka ulimini, lile alilolitamka kila siku ya maisha yake bila kulipima.

Dada yake aliliona linakuja.

"Ukilisema hilo," alisema, "mimi sikujui."

Fundi akavaa viatu.