Mkutano wa Wadai Ulivyosogezwa

Kuanzia Bonga hadi Sigino hajazaliwa mtu wa kunidanganya mimi, Sylvesta. Nimemaliza kidato cha nne, nasoma hata gazeti lililofungiwa vitumbua, na mtu akifungua mdomo tu najua uongo umekaa jino la ngapi. Hayo nilimwambia mama asubuhi ya mkutano wa wadai. Akanijibu, "Haya, msomi. Funga basi vifungo vya shati."

Mama alikuwa anaidai kampuni ya kukamua alizeti. Misimu miwili walichukua alizeti yake kwa maneno matamu, mwaka themanini na tatu wakafilisika. Kilichobaki godauni ni mashine ya kukamulia tu. Ikiuzwa, wadai wanagawana, na mama fungu lake alishalipangia: maksai mmoja, wa kufungwa nira na yule tuliyebaki naye. Mvua ikimkuta bila maksai, shamba analikodisha kwa jirani, nasi tunakuwa vibarua kwenye udongo wetu wenyewe.

Mfilisi, Bwana Aniceti, alikuja kutoka Arusha na mkoba na kikohozi.

"Leo ndiyo mwisho wa muda niliopewa na mahakama kufanya mkutano huu, tuamue mashine iuzwe," alisema. "Lakini ni mbovu. Mkikubali, naomba mahakama isogeze mkutano, nimlete fundi aitengeneze hapa hapa. Tukiiuza ikiwa mbovu, tutauza chuma chakavu."

Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, bora chuma chakavu leo."

Ila Basil, mtunza stoo wa kampuni, tuliyekaa naye dawati moja sekondari, alishanivuta pembeni. "Waambie wakubali, Sylvesta. Wewe ndiye unayesikilizwa."

Kweli nasikilizwa! Nikasimama. "Wazee wangu, ng'ombe akiugua mnamkimbiza mnadani na kamasi zake?"

Wakacheka, mikono ikainuka. Wa mama uliinuka mwisho, macho yake kwangu.

Jumapili moja Basil akanikuta njiani nikienda misa. "Mfilisi ametuma salamu. Fundi hawezi kuja, mashine iende Arusha. Njoo tupakie."

"Leo? Watu wote wako kanisani."

"Ndiyo raha yake. Nani atatusumbua na maswali?"

Mimi, bingwa wa kunusa uongo, nikacheka hadi nikashika mbavu. Tukapakia na vibarua wake wawili. Lori halikuwa na stata, na spea mwaka huo ungezipata wapi? Tukalisukuma mpaka likakohoa, likawaka. Basil akachungulia dirishani: "Msalimie mama!"

Siku mpya ya mkutano ilipofika, Bwana Aniceti alifungua godauni, tukakuta sakafu na mashimo ya bolti.

"Mashine iko wapi? Na huyu Basil yuko wapi?" Akamnyooshea kidole mtu aliyesimama nyuma yake na sanduku la spana. "Fundi wangu ameshafika. Atengeneze nini?"

Nikamtazama yule fundi niliyeambiwa na Basil kwamba hawezi kuja. Basil! Miaka minne amenakili hesabu zangu, amekula ugali wetu bila kungoja kukaribishwa, na kumbe salamu za mfilisi alizitunga mwenyewe.

Mama alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. "Si mlisema tusubiri?" aliuliza, taratibu tu.

"Nitaomba mahakama muda tena," Bwana Aniceti alisema. "Lakini kwanza nijue. Nani aliiona ikitoka?"

Nikawahi. "Mwizi ni huyo Basil, bwana! Amechagua Jumapili makusudi, sote tukiwa kanisani. Mimi mwenyewe nilikuwa benchi la mbele!"

"Mimi sina kanisa."

Alikuwa Gidamanyega, mfugaji kutoka upande wa Hanang, aliyeilipa kampuni mtamba apewe mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa, alishe ng'ombe wake, na ambaye hakuchoka kuja kuyaulizia.

"Jumapili hiyo nilikuwa langoni," alisema, akininyooshea fimbo. "Wewe ulikuwa unasukuma lori. Nikakuuliza, kijana, mashine inakwenda wapi? Ukacheka sana. Ukasema inakwenda kuungama."