Chaki ya Idwal Probert

Idwal Probert alitambaa hadi mwisho wa ukuta wa makaa, akajilaza ubavu, akapunguza utambi wa taa yake mpaka mwali ukabaki tone dogo la manjano. Kisha akaiinua taa polepole kuelekea kwenye mwamba wa juu, pumzi kaibana. Nafasi yenyewe haikumtosha mtu kukaa kitako. Taa ilipofika darini, palepale penye ufa, mwali ulivaa kofia ya buluu, alama ya gesi inayolipuka.

Akaishusha, kofia ikatoweka. Akaiinua tena, ikarudi, ndefu kuliko kucha ya kidole gumba, ikitetemeka.

“Mungu wangu,” alisema, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Jana ilikuwa nusu ya hapo. Sababu aliijua, na kila mwenye akili zake mgodini humo aliijua: njia ya kutolea hewa chafu ilikuwa imeporomoka tangu Agosti, na aliyetaka kupita huko alipita kwa tumbo kama mjusi. Kuizibua kulitaka watu kumi kwa wiki tatu, na hao kumi wasingetoa hata kitoroli kimoja cha makaa. Kwa hiyo haikuzibuliwa. Lakini mashine mpya ya kukata makaa ililetwa, tena haraka, ikaanza kukata kwa zamu moja yale ambayo zamani watu ishirini waliyatoa kwa sururu kwa siku tatu. Ilitifua vumbi na kufungua gesi nyingi kuliko hewa iliyokuwepo ilivyoweza kuiondoa. Ilikuwa Novemba mwaka wa thelathini na nne, na magazeti yaliyofika bondeni yaliisifu mashine hiyo kwa picha.

Akina Probert walijaa tele bondeni Cwm Gelynnen, kwa hiyo kila mtu alibandikwa jina la kazi yake. Kulikuwa na Idwal Maziwa, kulikuwa na Idwal Makaburi, na yeye alikuwa Idwal Chaki. Kila alfajiri, kabla zamu haijaingia, alipita na taa kukagua, na pakiwa salama aliandika kwenye nguzo ya kwanza herufi za jina lake na tarehe. Bila chaki hiyo hakuna mchimbaji aliyevuka nguzo. Wenyewe hawakuwa na namna ya kuiona gesi, maana kampuni ilikuwa imewapa taa za umeme, nzuri sana, zenye mwanga mweupe, zisizojua gesi ni nini. Watu ishirini na sita walitegemea macho ya mtu mmoja.

Akaifuta tarehe ya jana kwa kiganja. Chaki akaiacha mfukoni, akateremka kituoni, mahali pa kungojea zamu.

Wachimbaji walikuwa wameketi chini, migongo ukutani, wakinywa chai baridi kwenye makopo.

“Huyo anakuja!” alipiga kelele Tudor Gethin. “Shemeji, ulikuwa unakagua au unalala huko? Au dada yangu siku hizi anakufukuza kitandani?”

Wakacheka. Tudor alikuwa mdogo wake Ceinwen, mke wa Idwal, na mdomo wake haukujua kupumzika hata pale alipokuwa hana kazi. Miaka miwili na miezi miwili alikaa bila kazi. Bwana wa serikali alikuja nyumbani kwake akahesabu viti, akamwambia mwenye piano hapewi msaada, basi piano ya marehemu mama yao ikatoka mlangoni kwa bei ya kabichi. Sasa alikuwa na wiki tatu tu kazini, na alikuwa anacheka tena.

“Hakuna kuingia,” alisema Idwal.

Kicheko kilikatika. Mzee Hopcyn, mkongwe wao, alifunika kopo lake taratibu.

“Mpaka saa ngapi?”

“Mpaka niseme.”

“Wewe unalipwa kwa siku, Chaki,” alisema mzee. “Sisi kwa tani. Kukaa hapa tunakaa na njaa zetu.”

“Najua, mzee wangu.”

“Haya. Ukijua vizuri.”

Hakuna aliyetaja gesi. Dakika kumi hazikupita, fimbo ikasikika ikigonga reli. Bwana Stradling, meneja msaidizi, alikuja amebana kitabu kikubwa cha ukaguzi kwapani. Alizaliwa mtaa mmoja na Idwal, wakachapwa na mwalimu mmoja, lakini hayo yalikuwa ya zamani. Akamvuta kando hatua kumi, mahali ambapo watu wangewaona ila wasiwasikie.

“Ceinwen hajambo? Kile kifua chake?”

“Hajambo kidogo, Bwana Stradling.”

“Nyumba za kampuni za mtaa wa juu hazina unyevu. Mna bahati kukaa kule.” Akatazama kituoni. “Mbona watu wameketi?”

“Gesi, bwana. Asilimia tatu, labda imezidi. Sheria inasema ikifika mbili na nusu watu watoke.”

“Sheria naijua. Mtihani nimefanya kabla yako. Uliinulia wapi taa?”

“Darini, kwenye ufa.”

“Nani kakutuma uchomeke taa kwenye ufa? Watu hawachimbii ndani ya ufa.”

“Gesi haijali wanachimbia wapi.”

Stradling alicheka, na kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyewahi kumpenda mwenzake. Kisha akafungua kitabu.

“Hebu soma.”

Idwal hakuwa na haja ya kusoma. Ukurasa ulikuwa wa leo, tarehe kumi na nne, na mwandiko ulikuwa wake. Jana mchana Stradling alimwambia kitabu kitahitajika ofisi kuu mapema, aujaze wa leo kabisa kisha aende zake nyumbani, ni utaratibu tu. Akajaza. *Nimekagua. Hewa inatosha. Sikuona gesi.* Na sahihi chini.

“Ukisema kuna gesi,” Stradling alisema kwa upole, “nimwambie nini mkubwa? Kwamba mkaguzi wangu aliongopa jana, au anaongopa leo? Kitabu cha uongo kina kifungo, Idwal. Na sahihi si yangu.”

“Wewe ndiye uliyeniambia.”

“Nani alisikia?”

Idwal alikuwa ameingia mtegoni jana, kwa miguu yake, huku akishukuru kwa kuruhusiwa kwenda nyumbani mapema.

“Nipe watu kumi, bwana. Kumi tu. Tuzibue njia ya hewa.”

“Baada ya Krismasi.”

“Krismasi ni mbali.”

“Pale getini juu wamesimama watatu wenye cheti kama chako. Mmoja nimepita karibu yake, tumbo lake linaimba. Nimwite?” Stradling alimpa kalamu. “Andika na ya kesho kabisa. Kitabu kitachukuliwa tena.”

Idwal alimwona Tudor kule kituoni akimwigiza mtu fulani kwa mabega, na wenzake wakijizuia kucheka. Akilini akamwona Ceinwen amekaa juu ya godoro nje ya mlango, kwenye mvua, akikohoa. Akaichukua kalamu. Alikuwa na mwandiko mzuri, ndiye aliyeandika namba za nyimbo ubaoni kanisani kila Jumapili, na hata sasa herufi zilikaa sawasawa. *15 Novemba. Nimekagua. Hewa inatosha. Sikuona gesi.* Stradling akapuliza wino ukauke.

“Haya, nenda kaweke chaki yako. Watu wafanye kazi.”

Wakamfuata mpaka kwenye nguzo, wote ishirini na sita, wakiburuta mapauro yao. Idwal alitoa chaki. Aliandika upesi, kama mtu anayelipa na kuondoka, kisha akasogea pembeni kuwapisha.

Hakuna aliyepita. Tudor, aliyekuwa mbele, alisimama ameinama, taa ya kofia yake ikiimulika nguzo.

“Shemeji.”

“Nini?”

“Leo tarehe ngapi?”

Idwal akatazama. *I.P. 15.*

Mtu huweza kusahau tarehe akaandika ya jana. Hilo lilishatokea na walimtania wiki nzima. Ila ya kesho mkono hauiandiki hivihivi. Lazima uwe umetoka kuiandika mahali pengine. Na wote walikuwa wamemwona ameinamia kile kitabu. Idwal aliona aibu, akatamani mwamba umfunike yeye peke yake.

“Uliiinua taa humo ndani?” Tudor aliuliza, kwa sauti ya chini.

“Niliiinua.”

“Ikasemaje?”

Idwal alifungua mdomo.

“Vipi huko mbele?” Sauti ya Stradling ilitoka nyuma ya foleni. “Kuna aliyechoka kazi? Getini wako ambao hawajachoka!”

Neno moja tu lilitakiwa. Idwal alikuwa nalo kabisa kwenye ulimi, na Tudor alikuwa anautazama mdomo wake, akilisubiri. Nyuma, mzee Hopcyn alikohoa. Neno halikutoka.

Tudor alilamba midomo. Kisha akalamba kidole gumba, akaifuta ile tano, akaichukua chaki kutoka kwenye vidole vya shemeji yake, akaandika nne. Ilikaa upande, kubwa mno, ya mtoto wa darasa la kwanza.

“Mwandiko wangu mbaya,” alisema. “Lakini watakaokuja kuusoma baada yetu wataelewa.”

Akairudisha chaki mfukoni mwa Idwal, akaupigapiga mfuko kwa juu, akapiga magoti, akaingia. Mzee Hopcyn akafuata bila kumtazama mkaguzi. Wengine nao wakaingia, mmoja mmoja, visigino vya viatu vikipotea gizani. Baada ya muda mashine ikaanza kunguruma, na vumbi likaja.

Idwal alibaki penye nguzo. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, ulipunguza utambi na kuiinua taa. Kofia ya buluu ilikuja hapohapo, nje kabisa ya nguzo. Aliitazama kidogo. Halafu akaongeza utambi, mpaka mwali ukawa mrefu, wa manjano, na buluu isionekane tena.