Mduara wa Chumba Namba Tisa

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwita Shangazi, ingawa alikuwa na miaka ishirini na mbili tu na hakuwa na mpwa hata wa dawa. Aliwakaripia, akawagawia biskuti, na kila Jumamosi asubuhi akawafundisha takwimu katika chumba namba tisa, chenye ubao uliopasuka na feni iliyogoma. Kozi hiyo ilikuwa ikiwafyeka watu. Alianza na watano. Sasa walikuwa sitini, wengine wakikaa madirishani.

Jambo lililowavuta ni mduara. Kabla ya kushika chaki, kila anayesaidia wenzake alisimama akasema wapi aliwahi kuanguka, na la mduarani halikutoka mlangoni. Shangazi alisema lake bila kupepesa: alama kumi na moja kwa mia, akarudia mtihani. Basi wale watoto wa watu wakacheka, wakapumua, wakauliza maswali waliyokuwa wakiyaonea haya.

Msaidizi wake ni Pacha. Hawakuwa ndugu, walikutana kwenye foleni ya usajili, wakawa chanda na pete. Pacha naye alikuwa akisimama mduarani akisimulia alivyorudia fizikia.

Chuo kikataka kulifanya darasa lile mpango rasmi, wenye mratibu. Shangazi aliitamani nafasi ile, tena sana, maana alijua mduara ukiangukia mikononi mwa watu wa ofisini utageuzwa fomu ya kujaza.

"Wewe soma mitihani yako," Pacha akamwambia. "Andiko la kuombea mpango niachie mimi."

Akaleta kurasa kumi na mbili. Shangazi, aliyewafundisha watu sitini kwamba kazi haitoki kabla mwenzako hajaisoma, akachukua kalamu.

"Hupitii hata kidogo?"

"Nipitie nini? Wewe si mimi?"

Akatia saini. Jamani, kuamini nako!

Ijumaa mlezi wa wanafunzi, mama mwenye sauti ya upole, akamwita ofisini. "Binti yangu, kazi yako tunaijua. Ila andiko lenu lenyewe linasema mratibu asiwe amewahi kurudia mtihani. Ukurasa wa saba. Na saini yako hii hapa."

"Nani kawaambia nimerudia?"

"Mwenzako. Alisema kwa masikitiko kabisa. Nafasi tumempa yeye."

Usingizi haukuja, na Jumamosi alimkuta Pacha nje ya chumba namba tisa, shati limepigwa pasi.

"Umenivua nguo mbele ya wakubwa," Shangazi akasema.

"Sikiliza basi. Walitaka mtu asiye na doa. Ningeacha mpango ufe?"

"Na wewe je? Fizikia ulirudia. Nani atakuwa mratibu, mizimu?"

Pacha akatazama viatu vyake. "Sijawahi kurudia kitu."

"Kila Jumamosi unasimama unasema…"

"Nilitunga. Wasione najidai."

Shangazi akamsogelea. "Na ile siku chumbani kwangu? Kabla hatujawa na darasa wala nini?"

"Ulikuwa unalia, hutaki kusema kinachokuliza. Nikaona nikianza mimi, utasema."

Na kweli alisema. Zile alama kumi na moja, jambo ambalo hata mama yake mzazi hakulijua, alimwambia Pacha, kwa sababu Pacha alitangulia kusema lake. Kesho yake akabuni mduara, ili wengine nao wapate kitu kile kile alichopata yeye. Kuchukuliwa nafasi kulimuuma. Hili la kutunga lilimkata maini. Wivu angeusamehe. Hili hakujua hata aanze kulisamehe kutokea wapi.

Akasukuma mlango. Watu sitini walikuwa wameshapanga viti, nyuso zimemwelekea.

"Shangazi, tuanze mduara?" msichana wa mbele akauliza.

Akawatazama mmoja mmoja, akajikuta anajiuliza ni nani kati yao anayetunga.

"Leo hakuna mduara," akasema. "Fungueni vitabu."