Nyonga Mpya ya Lukmani

Lukmani aliuza vipuri vya baiskeli pale Mpanda mjini, na mpaka Mishamo walimjua: ukitaka akupunguzie bei, jiandae kukesha. Nyonga yake ya kulia iliposagika hata kupanda kibaraza cha duka ikawa kazi, watoto wakampeleka Dodoma akawekewa nyonga ya bandia. Alirudi na magongo mawili, mfuko wa dawa na onyo la kutokalia kigoda wala kuinama sana.

"Baba Yasser, maumivu mangapi leo?" mkewe Zuleha alimuuliza kila asubuhi. Ndivyo walivyofundishwa hospitali: sifuri ni hakuna, kumi ni yasiyovumilika.

"Mawili tu."

Mawili, na jasho linamtiririka kifuani! Zuleha hakubisha. Alimwekea vidonge na maji, akaenda kufungua duka.

Kumbe Lukmani hakuvimeza. Alivisokomeza chini ya godoro. Kila alipojaribu kuinua mguu kama alivyoelekezwa, maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno, akaurudisha chini. Mazoezi yakafa, akabaki anahesabu mabati ya paa.

Mchana mmoja Zuleha alibadilisha mashuka. Vidonge vikamwagika sakafuni kama punje za mahindi. Akavitazama, kisha akamtazama mumewe.

"Nini hiki?"

Lukmani alikohoa. "Si unamjua Ubaldo, yule dereva? Alianza na vidonge vya mgongo. Leo kwake hakukuchi bila vidonge. Mimi sitaki."

"Na mimi ukaniambia mawili."

"Mwanaume hapigi kelele."

Zuleha akaketi ukingoni mwa kitanda. "Unapiga, Baba Yasser. Ukisinzia tu nasikia meno yanavyosagana. Sema kweli, ni mangapi?"

"Manane," Lukmani alisema kwa sauti ndogo. "Nikijigeuza, tisa."

"Wewe! Tairi bovu hulipunguzi bei, mimi mkeo ndiyo unipunguzie maumivu?"

Lukmani akacheka. Kicheko kikamchoma nyonga, akashika shuka, akacheka tena, na machozi yakamtoka. Zuleha alimfuta kwa upande wa khanga.

Wakampigia simu Sista Dorice, muuguzi aliyewapa maelekezo siku ya kuruhusiwa, wakamweleza habari ya vidonge. Kwanza aliuliza: ana homa? Kidonda kinatoa maji? Shavu la mguu limevimba? Anapumua vizuri? Waliposema yote salama, akashusha pumzi.

"Sikiliza, mzee wangu. Hivyo vikali si vya maisha, daktari atavipunguza taratibu. Ila usisubiri maumivu yapande ndiyo uyakimbize. Ni kama moto wa shambani, uzime ungali mdogo. Meza kwa saa yake, upumzike nusu saa, halafu fanya mazoezi. Na usimeze viwili kwa mpigo eti unafidia."

Lukmani akameza kimoja mbele ya mkewe. Jirani yao Klementina, anayeuza samaki wa ziwani kutoka Karema, akaleta barafu aliyoifunga kwenye taulo.

"Inanuka migebuka kidogo, shemeji, utanisamehe."

"Nyonga haina pua," alijibu Lukmani, na Klementina akaondoka akicheka.

Jioni ile Lukmani alifika mlangoni kwa magongo yake, akarudi. Maumivu yalikuwepo, ila yalikuwa kama mgeni aliyekwisha kupewa kiti. Hayakugonga mlango tena. Usiku alilala, na Zuleha naye akalala.

Si kwamba njia ilinyooka. Siku moja alijiona mzima, akazunguka uwanja wote, kesho yake hakuweza hata kuvaa suruali. Safari hii alisema "saba" bila kulazimishwa, wakapunguza mazoezi, wakaongeza barafu. Alipokwenda kliniki, daktari alimwachisha vile vidonge vikali, zikabaki dawa nyepesi. Alingoja kwa hofu aone kama mwili utavidai. Haukudai.

Ijumaa moja akavaa kanzu, akatembea na magongo mpaka msikitini. Walimwekea kiti mwisho wa safu, maana kusujudu chini alikuwa amekatazwa. Alisali akiwa ameketi, bila haya. Baada ya sala hakuharakisha. Alikaa na wenzake kwenye baraza la msikiti, juu ya kiti kirefu, mguu ameunyoosha, kahawa mkononi, akisikiliza habari za mvua iliyonyesha kule Mwamkulu.